Tabia Njema ya Fundi Mbishi

Simu ilipopigwa kutoka gerezani, Mama Chiriku alikuwa na pini mdomoni na kitambaa cha foronya mapajani, kwa hiyo aliitikia kwa kuguna. Askari wa upande wa pili akajitambulisha, akasema mumewe ataachiwa Jumatatu asubuhi, mapema kuliko ilivyosemwa mahakamani, kwa kuwa amepata msamaha wa theluthi ya kifungo. Mama Chiriku akatema pini kwenye kiganja, akauliza msamaha huo umetokana na nini.

"Tabia njema," askari akasema.

"Ya nani?"

"Ya mumeo, mama."

Mama Chiriku akaomba kwa adabu zote wamsomee tena jina la mfungwa, maana gereza ni kubwa na watu huchanganywa. Askari akasoma. Alikuwa ni yeye. Mama Chiriku akashukuru, akakata simu, akaangua kicheko mpaka akaegemea cherehani, na hajui kicheko kile kiligeuka saa ngapi kuwa kilio. Alikuwa ameshajipanga kumsubiri mwaka mzima zaidi. Mtu akijipanga hivyo, halafu akaambiwa Jumatatu, hana pa kuiweka furaha.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa dada yake mkubwa, anayekaa nyumba ya nyuma. Dada alisikiliza habari yote huku akipepeta mchele, na ilipofika kwenye tabia njema, ungo ukasimama hewani.

"Yule? Hebu kawaulize vizuri, mdogo wangu. Wasije wakatuletea mtu mwingine."

Tusimsingizie mtu. Fundi Mbishi hakuwa mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, na mkono wake haukuwahi kumgusa mkewe kwa ubaya. Alikuwa mbishi tu, lakini mbishi wa kuzaliwa. Alibishana na muuguzi kuhusu uzito wake mwenyewe akiwa amesimama juu ya mizani. Alibishana na mtangazaji wa redio, ambaye hakumsikia, na bado akadai amemshinda. Ukimwambia kesho kutanyesha, atakuuliza nani kakwambia. Ukimwambia basi hakutanyesha, atakuonyesha mawingu.

Kazi yake ilikuwa makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndiyo karakana, kikitazama barabara, na nje kibaraza cha juu chenye ngazi za saruji. Ndani kulinukia gundi na sponji mpya. Yeye aligonga fremu, akavuta mikanda, akapanga springi na kuzifunga kwa kamba; mkewe alipima, akakata vitambaa na kushona. Hata kufahamiana kwao kulianzia hapo. Mama Chiriku, enzi hizo msichana wa kazi kwa fundi cherehani mmoja, alitumwa kupeleka foronya za kochi, na kijana yule akamwambia zimepungua upana wa kidole. Msichana akajibu foronya hazijapungua, ni kochi limenenepa. Walibishana mpaka mwenye kochi akaondoka zake. Hatimaye walipochukua futi na kupima, wakakuta wote wawili wamekosea, na kipimo cha kweli kipo katikati yao. Kesho yake kijana akaleta tena foronya zile zile, akisema kuna jambo hakuridhika nalo.

Waliooana kwa ubishi wakafanya kazi kwa ubishi. Mama Chiriku akisema kipimo, mumewe alikikataa. Yeye akakitetea, mume akapima upya, mke akamwambia anashika futi vibaya, na wakifika kukubaliana, kipimo kilikuwa kimekaguliwa kila pembe. Wapita njia walidhani ndoa inavunjika. Wao walikuwa wanakata kitambaa. Na katika miaka yote hiyo hakuna kochi lao lililorudishwa kwa kukosewa.

Kosa lililompeleka ndani lilikuwa lile lile la siku zote, ila siku hiyo liliingia mikononi. Mteja alikuja kuchukua viti vyake, akadai kitambaa kimebadilishwa, na mbele ya watu akamwita Mama Chiriku mwizi. Fundi akamwambia arudie. Akarudia. Fundi akamsukuma, na yule bwana akabingirika kwenye ngazi za kibaraza hadi chini, akavunjika nyonga. Hakuna aliyetaka hivyo, hata fundi mwenyewe, ambaye alikuwa wa kwanza kushuka na kumshika kichwa. Lakini nyonga ni nyonga. Mahakamani, hakimu alimuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu. Alikuwa nalo, na lilikuwa refu, na halikumsaidia.

Siku ya kwanza Mama Chiriku alipokwenda kumwona, walizungumza kupitia wavu, huku wafungwa na wageni wengine wakipaza sauti kulia na kushoto. Alikuwa na jambo moja zito la kumwambia, na alijua litazua vita.

"Nimeona nisimlete Chiriku," akasema. "Huku si mahali pa mtoto."

Mumewe alitazama chini. "Sawa," akasema.

Mama Chiriku alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Katika ndoa yao yote hajawahi kupewa sawa kavu namna ile, bila nyongeza. Akajiambia kumbe hata yeye ameona, kumbe kwa mambo makubwa wanakubaliana. Basi mtoto hakwenda. Alikaa na mama yake mkubwa kila siku ya wageni, na aliyeachwa na baba akiwa hajang'oa jino hata moja, sasa alikuwa na mapengo na maoni yake. Waliompa jina la Chiriku hawakukosea. Mdomo aliurithi kwa baba.

Jumatatu ikafika. Mama Chiriku alimpokea langoni akiwa amevaa gauni lake la buluu, akamkumbatia na kukuta mabega yote mifupa. Nyumbani, Chiriku alikuwa nyuma ya pazia, akichungulia kwa jicho moja. Akatoka polepole, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba," akasema, kama anavyomsalimia mwalimu mgeni.

"Marahaba, mama," baba akajibu. Wakatazamana, na hakuna aliyejua cha kuongeza, hata yule chiriku.

Tuseme ukweli, siku za mwanzo Mama Chiriku alijiona mwanamke mwenye bahati. Mumewe aliamka kabla ya wote, akakunja blanketi kuwa mraba na kuliweka miguuni pa kitanda. Alifagia uwanja bila kuambiwa. Aliomba ruhusa kabla ya kunywa maji. Alikula haraka, akaosha sahani yake, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Akiambiwa hiki, sawa. Akiambiwa kile, sawa, Mama Chiriku. Majirani walikuja kumtazama kama watu wanaotazama televisheni mpya. Jirani wa mkono wa kulia, ambaye alikuwa na kesi naye ya zamani kuhusu maji ya bomba, alimwambia kwamba mwenye makosa alikuwa fundi, naye fundi akaitikia ni kweli, nisamehe. Jirani alikwenda nyumbani bila raha.

"Jela imemnyoosha," shemeji mmoja akasema.

"Imemnyoosha sana," dada akajibu, wala hakucheka.

Kwa sababu baada ya siku kadhaa utamu ule ulianza kumkaa Mama Chiriku kooni. Unaweza kuishi na mtu asiyekubishia kwa wiki moja, ukapumzika. Ya pili unaanza kusikia sauti yako mwenyewe tu ndani ya nyumba. Alikuwa amemsubiri mumewe kwa hamu, amekula upweke, amelala na mto wa pili ukiwa baridi, na sasa aliyerudishwa alilala ukingoni mwa kitanda amenyooka, kama anayechunga asichukue nafasi. Alimpenda. Ndiyo maana aliamua kumchokoza.

Alisema timu anayoipenda mumewe ni ya vilema watupu. Mume akasema ni kweli msimu huu haifanyi vizuri. Alisema springi za kochi moja ziwekwe chache, wapunguze gharama, jambo ambalo zamani lingemfanya fundi atupe nyundo chini. Sawa, akasema fundi, akaziweka chache. Mama Chiriku alisubiri ageuze mgongo, akazirudisha. Siku nyingine alipika mboga bila chembe ya chumvi, kwa makusudi, akaiweka mezani na kukunja mikono.

Mumewe alikula mpaka akafuta sahani. "Kitamu," akasema.

"Mama, hakina chumvi," Chiriku akasema.

Baba alimgeukia mtoto upesi, na usoni mwake mkapita kitu ambacho Mama Chiriku hakuwahi kukiona hapo. "Nyamaza, mama," alimnong'oneza. "Chakula ni kizuri. Mwambie mama ni kizuri."

Chiriku akatazama mama, akatazama baba. Akasema ni kizuri. Toka siku hiyo akawa anamkwepa baba yake, maana mtoto huyu alikuwa amezoea watu wanaosema lililopo. Mama Chiriku naye hakuchokoza tena kwa siku mbili tatu. Kile alichokiona usoni mwa mumewe kilikuwa woga, na hakujua ameuleta nani.

Halafu ikaja mahameli.

Mteja mwenye saluni mtaa wa pili alikuwa amenunua mahameli ya kijani kwa ajili ya kochi la wageni wake, na akaileta mwenyewe, ameibeba kifuani kama mtoto mchanga. Mahameli ina tabia yake. Vinyoya vyake vimelala upande mmoja. Ukipitisha kiganja huku inalainika na kung'aa, ukipitisha kule inakwaruza na kuwa nyeusi. Vipande vyote vya kochi lazima vikatwe vikiangalia upande mmoja, la sivyo mto mmoja utakuwa kijani na mwenzake utaonekana umetoka kwenye kitambaa kingine. Mama Chiriku anayajua hayo kuliko jina lake. Lakini siku ile alikuwa amechoka, mawazo yako kwa mumewe, na alipoona kipande cha mwisho hakitoshi kwa marefu, alikigeuza, akapiga mstari wa chaki. Mume alikuwa ameshika ncha ya pili ya kitambaa, anakinyoosha.

"Tukate?" mke akauliza. Ni mazoea tu. Alikuwa akiuliza hivyo miaka yote, na miaka yote alijibiwa subiri.

"Sawa," mume akasema.

Akakata. Kesho yake mchana, foronya zikiwa zimeshashonwa na kuvalishwa, walisogeza kochi penye mwanga wa mlango, na Mama Chiriku akaona. Mito miwili inang'aa. Mmoja, wa katikati, umekaa hapo mweusi kama jino bovu. Alipitisha mkono, akarudisha, akaelewa alichofanya. Kisha akakumbuka nani alishika ncha ya pili. Viganja vya mumewe vilijua mahameli hata gizani.

"Uliona?" akauliza.

Fundi alikuwa anaokota misumari. "Niliona."

"Saa ngapi?"

"Ulipokigeuza. Kabla ya mkasi."

"Na ukanyamaza."

"Ulisema tukate, Mama Chiriku."

Hapo subira ya mwanamke ikakatika. Alisema yote, kwa sauti ile ya zamani ya karakana. Alisema afadhali angemtupia nyundo kuliko kusimama pale na kumwangalia anaharibu mali ya watu. Alisema hakumsubiri mlinzi wa mlango, alimsubiri mume. Alitegemea, kwa moyo wake wote, kwamba kelele zile zitampandisha, na atajibu hata tusi moja.

Mume alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mikono akaiweka nyuma.

"Tafadhali punguza sauti," akasema. "Majirani watasikia."

"Wasikie."

"Wakisikia watakwenda kusema."

"Wakaseme kwa nani?"

Akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo wote wawili wanalijua. Na kwa kuwa mkewe aliendelea kungoja, akaeleza, polepole, macho sakafuni. Ile theluthi hawakumpa, wamemkopesha. Mpaka ifike tarehe iliyosomwa na hakimu, yeye bado ni wa gereza. Akilalamikiwa na yeyote, hata kwa neno moja, anarudishwa kumalizia kifungo chote na cha juu. Hakuambiwa na askari. Aliambiwa na Mzee Randa, mfungwa mwenzake wa karakana ya useremala, ambaye aliachiwa mapema na akarudi kabla viatu vyake havijachakaa. Mkewe, alisimulia yule mzee, alilalamika tu kwamba ana maneno mengi.

"Kwa hiyo nilipotoka," akasema, "nilijua wa kwanza anayeweza kunirudisha ni wewe."

Mama Chiriku alikaa kwenye fremu ya kiti iliyokuwa haijavalishwa chochote, juu ya springi tupu, na hakusikia zinamchoma. Kumbe chumvi ile. Kumbe springi zile. Kila alipomchokoza kwa mapenzi, mwenzake alikuwa anaona lango. Siku zote hizi yeye amekuwa askari ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

"Umekuwa ukiniogopa mimi," akasema.

"Wewe sikuogopi. Naogopa neno lako."

Alitaka kumwambia si kweli, hakuna jambo kama hilo. Lakini hakujua. Yeye ni fundi wa vitambaa, sheria za magereza atazijulia wapi? Na hata angejua, mume huyu angemjibu sawa, akaendelea kuogopa vile vile.

"Kesho tunakwenda kuuliza," akasema.

Mumewe alifumba macho. "Sawa," akasema, na ilikuwa sawa ya mtu anayepelekwa.

Asubuhi walimpeleka Chiriku shule, wakaenda. Kuta za gereza zilipoonekana, fundi alipunguza mwendo, na walipofika upande wa pili wa barabara, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme, miguu ikakataa kabisa. Mama Chiriku hakumlazimisha. Alimtengeneza kola ya shati, akavuka peke yake.

Langoni alimkuta askari mmoja mnene mwenye miwani, na alipozungumza tu akaijua sauti. Ndiye aliyempigia simu. Mama Chiriku alieleza shida yake yote, pamoja na chumvi na mahameli, maana hakujua pa kukatia. Askari akasikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Mzee Randa," akasema, na akatikisa kichwa. "Mama, yule hakupata msamaha. Yule aliachiwa kwa masharti, na masharti yenyewe akayavunja pamoja na mlango wa jirani yake. Aliingia kuiba. Mke gani aliyemlalamikia? Mkewe alishaolewa kwingine zamani."

"Na wangu?"

"Wako ametumikia, amefanya kazi, hakuwa na kosa hata moja. Kilichosamehewa kimesamehewa. Hatudai."

Mama Chiriku alishika chuma cha lango kwa mkono mmoja. "Naomba uje umwambie wewe," akasema. "Mimi nikimwambia atakubali. Anakubali kila kitu. Nitajuaje kama ameamini?"

Askari alitazama barabarani, akamwona mwanamume aliyesimama chini ya kibao cha duka, mikono nyuma. Akamwita mwenzake ashike zamu, akavuka na mwanamke yule.

Fundi alipoona sare inamjia, alichuchumaa. Hakufikiri, magoti yalikunjika yenyewe, mikono ikapanda juu ya kichwa, pale pale kwenye kibaraza cha duka, mbele ya wateja na wapita njia. Ndivyo mfungwa anavyomsubiri askari, na mkewe hakuwahi kuliona hilo, maana kwenye wavu wa wageni watu husimama. Akageuza uso. Kilichomuuma hakikuwa aibu. Alikuwa anaona jinsi mtu wake alivyopatikana mwenye tabia njema.

"Simama, fundi," askari akasema kwa sauti ya chini. "Simama, ndugu yangu. Huku nje hakuchuchumaliwi."

Fundi akasimama, si kwa haraka. Askari akamweleza neno kwa neno kama alivyomweleza mkewe, na habari ya Mzee Randa akaiweka wazi mpaka kwenye mlango wa jirani. Akamaliza kwa kusema, "Mimi si afande wako tena. Tukikutana mtaani mimi ni mtu tu. Tena mtu mwenye kochi bovu, ukikaa linakudunga."

Fundi akainua macho, akamtazama.

"Linadungia wapi?" akauliza. "Katikati au pembeni?"

"Katikati."

"Hiyo ni kamba imekatika. Springi ni nzima."

Askari akacheka, akampa mkono, na fundi akaupokea kwa mkono wake wa kulia kama watu wote. Kisha sare ikavuka barabara kurudi langoni.

Walitembea mpaka kuta za gereza zikamezwa na majumba. Palikuwa na ukuta mfupi kando ya kituo cha mafuta, wakakaa hapo kupumzika. Magari yalipita. Mama Chiriku aliona huu ndio wakati, ama aupate ama aukose.

"Baba Chiriku, nibishie," akasema.

"Nikubishie nini?"

"Chochote. Kitu kimoja nilichokosea, tangu uondoke mpaka leo. Sitakasirika. Hata nikikasirika, umesikia mwenyewe, hakuna pa kukupeleka."

Alitegemea mahameli. Alitegemea chumvi, au zile springi. Alikuwa ameshaandaa tabasamu la kuvipokea. Mumewe alisugua magoti kwa viganja, na alipoanza, sauti ilikuwa ndogo.

"Chiriku," akasema. "Ulisema kule si mahali pa mtoto. Ulikosea. Pale palikuwa mahali pake, kwa sababu mimi nilikuwapo."

Mama Chiriku akamgeukia.

"Kila siku ya wageni nilinawa uso, nikatazama nyuma yako, labda leo umebadili mawazo. Nilikwambia sawa siku ile kwa kuwa askari alikuwa karibu, na nilikuwa nimeshajifunza kwamba mwenye maneno anaadhibiwa. Haikuwa sawa. Nimerudi, mtoto wangu ananiamkia kama mgeni. Haikuwa sawa hata kidogo, Mama Chiriku."

Lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Alikuwa ameomba neno, na amepewa lile ambalo asingelichagua. Kwa muda wote ule lilikuwa ndilo jambo alilojisifia nafsini mwake, kwamba alimkinga mtoto. Sababu zake zilikuwa zimejaa mdomoni. Lakini alimtazama mumewe, akaona woga ule ule usoni, na hata hivyo kauli ameiacha pale pale alipoiweka, haiondoi, anangoja. Akayameza ya kwake.

"Nilikosea," akasema, na machozi yakamtoka.

Fundi akashtuka. Aligeuka kumtazama vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Usifanye hivyo. Usinikubalie upesi hivyo, utanitisha. Ulikuwa na sababu zako, nakujua. Zitoe."

Mama Chiriku akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Wanapekua hata watoto pale langoni," akasema. "Nimewaona kwa macho yangu."

"Wangempekua dakika moja. Angesahau."

"Yule? Lini aliwahi kusahau kitu? Angekuwa anaota usiku."

"Angeota nipo."

"Na ile harufu, na makelele ya kwenye wavu, mtoto asikie matusi yote yale?"

"Matusi gani asiyoyasikia hapa barabarani? Acha kutia chumvi."

Wakainuka, maana muda wa kumfuata mtoto shuleni ulikuwa umekaribia, na wakaendelea hivyo njia nzima, mwanamume akikata hoja hewani kwa kiganja, mwanamke akilia na kujibu papo hapo. Watu waligeuka kuwatazama. Fundi hakupunguza sauti, wala mkewe hakumwomba apunguze.